Mwadui: Jua la Kishapu na Bakuli la Pudini

Msafiri aendaye Mwanza kutoka Shinyanga hupita Maganzo, na hapo ndipo ilipo njia ya kuingia Mwadui, wilayani Kishapu. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi mahali hapa, na mji ukakua kando ya mgodi. Nchi ni tambarare na kavu, na jua la mchana halina huruma.

Katika nchi ya namna hii, meza ya Idi ina mtihani wake. Itazame pudini ya tabaka: keki chini, kisha jeli, kastadi, matunda, na krimu juu. Hupendeza macho, lakini maziwa na mayai yake ni malisho ya vijidudu. Haifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili. Na joto likipita nyuzi 32, saa moja yatosha. Anayeibeba kutoka Shinyanga mjini kuwapelekea jamaa na aitie katika deli lenye barafu, si kwenye kapu.

Nyumbani, kastadi ipoe upesi katika chombo kipana kabla ya kupangwa. Bakuli lifunikwe vizuri, likae mbali na nyama mbichi, katika ubaridi usiozidi nyuzi 4, na liliwe ndani ya siku mbili au tatu. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe. Ubaridi hudumu kama saa nne. Kugandisha hakufai, kwani kastadi hujitenga na maji.

Dalili za kuharibika ni harufu ya uchachu, mapovu, utelezi, ukungu, au rangi iliyogeuka. Lakini, ndugu msomaji, pua si hakimu wa kutosha. Vijidudu vingine huacha sumu isiyo na harufu wala ladha, na hata kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo hesabu saa, wala usionje ili kuhakikisha. Wanaoumia zaidi ni watoto, wazee na wajawazito.

Wapo wanaoona vibaya kumwaga chakula wakihofia israfu. Hofu hiyo ni njema, ila mahali pake ni jikoni, wakati wa kupima: pika kiasi cha watu waliopo, na kinachobaki kipelekwe kwa jirani kingali kibichi na baridi. Kilichokwisha kuharibika si sadaka. Mgeni ni amana, na afya yake ni sehemu ya amana hiyo.