Pwani Ina Urefu Gani?

Ukituuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani, nasi tutakuuliza: unapima kwa rula gani? Hatukwepi swali. Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa hali ya hewa wa hapa Uingereza, aligundua kwamba mpaka mmoja kati ya Uhispania na Ureno umeandikwa kilomita 987 mahali pamoja na 1,214 mahali pengine. Hakuna aliyeiba ardhi. Rula fupi huingia kwenye kila kona, na kwa hiyo urefu huongezeka. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot alitumia takwimu hizo katika jarida la Science, akapendekeza tusipime urefu, bali jinsi urefu unavyobadilika. Kipimo hicho ndicho daimensheni ya fraktali.

Muhula huu, sisi wanachama tunaosoma hisabati tumekikadiria kwa nukta za pwani zilizotoka kwenye ramani ya kompyuta. Unatandaza miraba juu ya nukta, unahesabu iliyoguswa, kisha unapunguza upande wa mraba kwa nusu na kuhesabu tena. Kwa mstari ulionyooka idadi huwa mara 2. Kwa eneo lililojaa, mara 4. Kwa pwani ya magharibi ya Uingereza, ambayo daimensheni yake inatajwa kuwa 1.25, huwa karibu mara 2.4. Pwani hiyo si mstari tu, wala si eneo.

Ugumu uko kwenye ncha. Mraba mkubwa mno hufunika kila kitu. Mraba mdogo mno hubeba nukta moja tu: ukiwa na nukta 5,000, hesabu haitazidi 5,000 hata ufanyeje, na daimensheni itaonekana sifuri. Sehemu ya kuaminika ni ya katikati. Lakini katikati inaanzia wapi? Anayejua tayari kwamba jibu la vitabuni ni 1.25 anaweza kukata ncha mpaka alipate. Kwa hiyo tulikubaliana kuandika mipaka ya miraba yetu kabla ya kukokotoa, na kuitaja kila tunapotaja jibu.

Bibi wa mmoja wetu, aliyeko Unguja, alielezwa haya yote kwa simu. Alisikiliza kwa subira, kisha akauliza: "Sasa mjukuu wangu, mlipima maji yamejaa au yamekupwa?" Ramani yetu ilifuata mstari wa maji kujaa. Jambo hilo sasa limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, maana kwao Unguja maji yakipwa pwani huwa nyingine kabisa.

Simu ile ilitupima na sisi. Watu hutuuliza tunajua Kiswahili kiasi gani. Kwa rula ya salamu, mapishi na maneno ya harusini, hatuna wasiwasi. Kwa rula ya kumweleza bibi mraba na daimensheni, mapengo yalionekana, tukayaziba kwa mifano ya mchanga na nyavu. Yote mawili ni kweli kutuhusu.

Basi walimu wetu, mtakapotupa alama muhula ujao, tunaomba kando yake muandike na rula mliyotumia.