Mjusi wa Tendaguru

Toka Tingi, shika njia ya kusini mpaka Lindi. Kaskazini-magharibi ya mji huo kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Hapo waliishi mijusi wakubwa kuliko tembo, miaka milioni 150 iliyopita.

Mwaka 1909 hadi 1913, wakati wa Wajerumani, mifupa yao ilichimbwa. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Magari hayakuwapo. Wapagazi walibeba mizigo kichwani na begani, mwendo wa siku nne, hadi bandarini Lindi. Si kazi ndogo hiyo!

Leo mjusi mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, Ujerumani. Kimo chake kinapita mita 13. Watazamaji hulipa kiingilio. Huku kwetu, wabunge wamekwisha kuuliza Bungeni: je, mjusi huyu atarudishwa?