Nusu Kaputi

Baba yangu aliendesha mabasi ya mikoani kwa miaka 31, na sijawahi kumwona amelala ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Hata kwenye daladala ya dakika kumi, mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo.

Ndiyo maana, mishipa ya moyo wake ilipoziba, sisi watoto tulikaa pembeni tukakubaliana tusimwambie kwamba wakati wa upasuaji moyo utasimamishwa. Mimi, ninayelipwa mshahara ili kuwaambia watu mambo wasiyoyajua, ndiye niliyetoa hoja. "Presha itampanda bure," nilisema.

Jioni ya kuamkia upasuaji alikuja daktari wa usingizi, mwanamke wa umri kama wangu, akavuta stuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Akaeleza kwamba watachukua mshipa mguuni na mwingine kifuani, watengeneze njia ya kuzunguka palipoziba.

"Barabara ya mchepuko," baba akasema.

Mama akaguna. "Miaka yote nilikwambia ubaki njia kuu."

Tukacheka wote. Kicheko hakijaisha baba akauliza, "Sasa watashonaje, na moyo unadunda?"

Nilimtazama daktari kwa macho ya kumwomba. Hakuniangalia.

"Tunausimamisha, mzee. Tunaupa maji yenye potasiamu nyingi, unatulia. Mashine inapokea damu, inaitia oksijeni, inairudisha mwilini."

"Na mimi nitajua?"

"Hutajua. Dawa ya usingizi itaendelea kuingia muda wote. Mimi ndiye nitakayejua."

"Utajuaje?"

Hapo akamweleza kama anavyoelezwa fundi mwenzake. Nyaya za kifuani husoma umeme wa moyo. Kimrija kwenye mshipa wa mkono huonyesha presha kwa kila pigo. Kifaa cha kidoleni husoma oksijeni na hulia. Oksijeni ikishuka, mlio nao hushuka, kwa hiyo hata akiwa ameinama anaandaa dawa, masikio yanabaki kazini. Kipimo kingine hupitishwa kooni, kikautazama moyo kwa nyuma. Lakini moyo ukishasimama, mstari wake kwenye skrini unalala, na kidole hakisomeki vizuri kwa sababu mapigo hayapo. Hapo wanafuatilia presha ya wastani, joto la mwili, na damu inayopimwa mara kwa mara kuhakikisha heparini bado inaizuia isigande ndani ya mashine.

Baba alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe kuna dashibodi," akasema. "Na wewe hutoki?"

"Sitoki, mzee."

Akaomba kalamu, akasaini mwenyewe. Usiku ule alilala fofofo. Aliyekesha ni mimi.

Kesho yake, kwenye benchi la korido, nilikuwa nalifikiria neno letu, nusu kaputi. Utotoni nilidhani hiyo nusu ni kipimo cha dawa. Kumbe ni kufa nusu. Nusu inayobaki haikai kwa mgonjwa, anaishika mtu mwingine, na mtu huyo haruhusiwi hata kusinzia. Baba alimkabidhi nusu yake mtu aliyemwambia ukweli. Mimi, damu yake, nilitaka apande basi bila kujua linapita mlima Kitonga. Nilikuwa nauita ule upendo. Sasa nadhani nilikuwa najilinda mimi nisiuone uso wake akiambiwa.

Saa zilikwenda. Mchana daktari yuleyule akatoka, alama za barakoa zikiwa bado mashavuni. "Moyo wake umerudi kupiga wenyewe," akasema. Mama akakaa chini, sakafuni palepale.

Nilipoingia kumwona ICU, bado alikuwa na mpira mdomoni, hawezi kuongea. Nilimshika mkono, akanibana kidole mara mbili.

Siku ya kurudi nyumbani mimi ndiye niliyeshika usukani. Nilimwomba msamaha tukiwa kwenye foleni, nikamweleza kikao chetu chote. Alinyamaza kitambo, kiganja kikiwa juu ya kidonda.

"Mbele kuna tuta," akasema, mguu wa kulia ukikandamiza sakafu. "Punguza."