Kompyuta ya mtumba na ile Windows ya elfu kumi

Kimya changu cha wiki mbili si malaria wala mapenzi, ni kompyuta. Kila nikiifungua pale kantini mtu ananiuliza mbona haifanani na za wenzangu, na mmoja (anajijua) alishatangaza kwamba nimeingiliwa na virusi. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake huku chai inapoa, basi naandika hapa mara moja, msome wote.

Mashine yenyewe ni Dell Latitude E6430, ya mtumba, ina prosesa ya i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 4 na diski ya GB 320 ile ya kuzunguka. Toleo la 2012 hilo, nzito kama jiwe la kusagia, lakini kibodi yake tamu kweli. Nilinunua Ngamiani kwa laki tatu na nusu: laki mbili kutoka kwenye bumu, iliyobaki mama alinipa zamu yake ya upatu ilipofika. Kwa hiyo hakuna nyingine. Hii ikifa, risachi yangu imekufa nayo.

Ilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitaka Windows 11 unatakiwa uwe na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, zile zilizoanza kutoka 2017, pamoja na kitu kinaitwa TPM 2.0. Ya kwangu haina hata kimoja. Fundi hakujali. Akaniambia, "Dada, usijipe presha, nakupigia Windows 11 na Office juu kwa elfu kumi, kesho unachukua." Na msidhani alikuwa ananidanganya. Njia za kuruka ule ukaguzi zipo, na mashine nyingi hapa chuoni zimepigwa hivyo hivyo na zinatembea.

Kilichonizuia ni mwani.

Wanaonijua wanajua kwamba risachi yangu ni ya akina mama wakulima wa mwani pwani ya Mkinga. Nina hojaji 120. Nilisubiri bamvua mbili kuzijaza, maana maji yakiwa yamejaa huwakuti shambani, na bamvua likitoka wako kazini, unawahoji huku mmesimama kwenye maji ya magotini. Waliniambia wanavuna kiasi gani, wanalipwa shilingi ngapi kwa kilo, wanadaiwa kiasi gani na mnunuzi anayewapa kamba. Wengine walinieleza kwamba wakibanwa sana huuza kidogo pembeni kwa mtu mwingine. Hayo yote yamo kwenye diski yangu, na namba zao za simu zimo pia. Yule mnunuzi akiyaona, kuna mtu atanyimwa kamba msimu ujao.

Sasa niambieni, shoga zangu na kaka zangu: kreki inafanyaje kazi? Jambo la kwanza inakuomba uzime antivirusi. Unazima, unairuhusu programu isiyojulikana imeandikwa na nani iingie mpaka kwenye mizizi ya mashine, halafu unaomba Mungu. Pengine haifanyi kitu. Pengine inasoma kila unachoandika. Huna namna ya kujua, na fundi pia hana, yeye aliipata kwenye flashi ya fundi mwingine. Kwa picha zangu za graduesheni ya fomu siksi ningebahatisha. Kwa siri za wale mama, hapana. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi nchini, kwa hiyo msimamizi wako akikuuliza data umezihifadhi wapi, swali hilo lina meno.

Ndipo nikaingia kwenye Linux. Mwenzangu wa chumbani alicheka: "Cha bure? Si ndiyo bure yenyewe hiyo!" Kiswahili chetu kinatuchezea hapo, maana bure ni kisicholipiwa na bure ni kisicho na faida. Lakini tuna bahati Waingereza hawana. Wao wana neno moja tu, wanabishana nalo tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983. Sisi tuna bure na tuna huru. Windows ya elfu kumi karibu ni ya bure, ila si huru. Linux ni huru: msimbo wake uko wazi, anayejua kusoma anasoma, na ukimgawia jirani hujamwibia mtu. Mimi sijui kusoma msimbo. Inanitosha kwamba wanaojua hawajafungiwa mlango.

Kuchagua ipi ndiyo kazi, maana ziko nyingi kama samaki wa Deep Sea asubuhi. Ubuntu ndiyo jina kubwa, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kaka yangu bado anayo bahasha ya CD zake aliyoipokea posta enzi zile, walipokuwa wanazituma dunia nzima bila malipo. Siku hizi Ubuntu ya kawaida inataka RAM kuliko niliyo nayo. Debian ni imara sana lakini inakutaka ujue unachofanya. Lubuntu nyepesi, nimeijaribu, sura yake haikunikaa. Nikaishia kwenye Linux Mint, toleo la Xfce. Inaridhika na GB 2 za RAM, zangu 4 inaziona nyingi, na menyu iko pale pale chini kushoto ulipozoea. Mwenye mashine mpya kuliko yangu achukue Cinnamon, ni nzuri zaidi machoni.

Na huoi kabla ya kuposa. Unapakua faili la karibu GB 3 (subirini bando la usiku), unaliweka kwenye flashi kwa programu kama Rufus, unawasha mashine kutoka kwenye flashi, na Linux inafunguka bila kugusa diski. Hapo unajaribu waifai, sauti, mwanga wa skrini, hata kuilaza na kuiamsha. Mimi nilikaa nayo hivyo siku mbili. Wakati wa kuiingiza moja kwa moja kuna sehemu ya kuifunga diski nzima kwa nywila, nikaichagua. Ukisahau hiyo nywila hakuna fundi Ngamiani nzima wa kukuokoa, na mimi nilikuwa nataka hivyo hivyo.

Shida zipo, sitawadanganya. Word hakuna, kuna LibreOffice. Nikipeleka faili steshenari wakalifungua kwa Word, jedwali linahama ukurasa. Siku hizi napeleka PDF tu. Times New Roman ya chuo haimo ndani, unaiongeza, au unatumia Liberation Serif ambayo upana wa herufi zake ni ule ule. SPSS ilinipa mawazo zaidi. Nilikuta PSPP, inafungua mafaili ya .sav na inafanya majedwali na chi-square bila shida. Sura yake ni ya kizee. Wenye takwimu nzito wajifunze R. Kwa gemu, bakini mlipo.

Kitu kimoja kilinifurahisha bila kutarajia. LibreOffice ina Kiswahili, na mizizi yake ni ya hapa nyumbani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden, IT+46, kwenye mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Walikaa watu wakabishana neno kwa neno. Kwangu baadhi ya menyu bado zinatoka Kiingereza, na maneno mengine yananichekesha, lakini mama aliposogea akasoma "Hifadhi" akaniuliza, "Hiki mbona nakielewa?"

Halafu kuna biashara ya flashi. Mnakijua kile kirusi cha steshenari kinachogeuza mafolda yote kuwa shotikati? Vitu vyako havijafutwa, vimefichwa tu kwa alama ya Windows, na Linux haiijali alama ile. Ukichomeka kwangu unaviona vyote vimekaa, unavinakili, yule mdudu unamfuta mwenyewe kwa mkono. Wiki iliyopita nimeokoa asaimenti ya kundi zima la mwaka wa pili. Wamenilipa vitumbua.

Jumamosi baada ya adhuhuri nitakuwa chumba cha kujisomea na flashi mbili zenye Mint. Mwenye mashine inayokwama aje nayo, aje na chaja, na awe ameshahifadhi vitu vyake mahali pengine. Mimi narudi kwenye sura ya nne, msimamizi anaitaka Jumatatu.