Pikipiki Mpya Katika Njia za Meru

Wengi wenu mmeniuliza habari za pikipiki mpya niliyopewa kwa kazi ya kuzungukia mitaa ya Wakristo kandokando ya mlima Meru. Basi nawaandikieni, si kwa kujisifu, bali ili mwalimu mwingine atakayepewa chombo kama hiki asipatwe na yaliyonipata mimi.

Mji wa Arusha uko kusini mwa mlima, yapata meta 1,400 juu ya bahari, na kilele cha Meru chafika meta 4,562. Upande wa kusini na wa mashariki mvua ni nyingi. Huko ndiko iliko migomba na mibuni, na udongo ukilowa huteleza kama sabuni. Upande wa kaskazini na wa magharibi ni nchi kavu, yenye vumbi laini kama unga, kwa kuwa mlima huu ulikuwa mlima wa moto. Mwenye kazi kama yangu huzipita nchi hizo mbili katika juma moja.

Fundi aliniagiza nisiikimbize pikipiki kwa kilometa 1,000 za kwanza, na nibadilishe oili mapema, kwani chuma kipya husuguana na kutoa unga wake. Asubuhi za baridi haikuwaka mpaka nivute choki. Nami nikisahau kuirudisha, ilikohoa na kutoa moshi mweusi hata watoto wa shule wakacheka. Mnyororo nao ulilegea upesi, ikanibidi kuukaza. Hayo yalikuwa madogo. Makubwa yalitoka katika mazoea yangu mwenyewe.

Pikipiki yangu ya kwanza, gia zake hupunguzwa kwa kukanyaga mbele kwa vidole. Hii mpya, ukikanyaga mbele waongeza gia, na kupunguza ni kwa kisigino. Nalijua hayo kwa kichwa, lakini mguu haukujua. Siku moja nalishuka kutoka Nkoaranga, mahali ambapo wamisionari wa Leipzig walianza kituo mwaka 1902, nao hawakuwa na pikipiki. Njia ilikuwa imelowa. Nilitaka kupunguza mwendo, nikakanyaga kama nilivyozoea, na pikipiki, badala ya kuzuiwa, ikapata kukimbia. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja, amejitwika mkungu wa ndizi, na mtoto ameshika nguo yake. Nikaigeuza, nikaangukia katika mfereji chini ya migomba. Mama yule akatua mzigo wake, akanisaidia kuinuka, akasema, "Pole, Mwalimu. Je, mnyama huyu hajakuzoea, au wewe ndiwe hujamzoea?" Sikuwa na jibu.

Ingefaa nijifunze siku ile, lakini sikujifunza. Juma la pili yake mzee mmoja wa Oldonyo Sambu alituma mtu kuniita, kwa kuwa alikuwa mgonjwa sana na alitaka tusali pamoja. Nikatoka Arusha kwa njia ya Namanga, nikapita Sakina na Ngaramtoni. Kule mbele, penye vumbi na upepo, pikipiki ikazimika. Nikainama kufungua petroli ya akiba, nikaona kwamba siku zote nalikuwa nikitumia hiyo ya akiba. Katika pikipiki ya zamani mkono wa bomba ukielekea juu maana yake imefunguliwa. Katika hii maana yake ni akiba. Fundi alinionyesha siku ya kwanza, nami nikamwambia, "Najua, nimeendesha miaka mingi."

Nikaisukuma muda mrefu, hata kijana mmoja mwenye pikipiki akanigawia petroli katika chupa, akakataa fedha. Nilipofika kwa mzee jua lilikuwa likitua. Mkewe akaniambia, "Tangu adhuhuri alikuwa akikuulizia, Mwalimu. Sasa hasemi tena." Nikamshika mkono, nikasali, wala sikujua kama alinisikia. Alfajiri alifariki.

Mkewe hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Naamini ya kuwa Mungu hakungoja pikipiki yangu ili amfikie mtumishi wake. Lakini neno lile, "Najua," naliona ni zito kuliko mzigo wowote niliopata kubeba.

Sasa kila siku kabla ya kutoka hutazama petroli kwa macho yangu, hushika mnyororo, hukaza vioo vinavyolegezwa na mawe ya njia, nami huketi kidogo nikikumbusha mguu wangu kazi yake. Pikipiki na mimi tumeanza kuzoeana.

Enyi walimu wenzangu, na ninyi wenye nyumba, mkipokea kitu kipya, au mkwe mpya, au mwanafunzi mpya, msimpime kwa yule wa zamani. Ulizeni, na mkionyeshwa, sikilizeni hata mwisho.

Wasalaam.