Kutoka kwa Kapita hadi kwa Inspekta

Nilipokuwa mtoto Lubumbashi, mfanyakazi aliyekosana na mkubwa wake hakumshitaki mtu. Alivaa shati safi, akamtafuta kapita wake, yaani msimamizi wa kikundi chake cha kazi, na kapita akamsindikiza hadi ofisi ya wafanyakazi. Huko alisimama mbele ya meza na kuomba asamehewe, hata kama hakuwa na kosa. Baba yangu alifanya hivyo, na baba za wenzangu pia. Sisi watoto tulijua siku hizo kwa ukimya wa mama zetu, maana mzee akirudi na habari mbaya, nyumba ni ya kampuni, shule ni ya kampuni, na unga wa mwezi unatoka kwa kampuni.

Ulikuwa mpango wa zamani. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilijenga kambi zenye nyumba, zahanati na shule, ikagawa posho, ikafuatilia ndoa na vizazi vya watu wake. Kampuni ya serikali ya Gécamines iliirithi kazi hiyo baada ya mali kutaifishwa. Watu walisema kampuni ndiyo baba na ndiyo mama, na nani anamshitaki baba yake? Waliojaribu kudai kama watu wazima walionywa mapema. Desemba 1941, wakati wa vita, wachimbaji waligoma kudai mishahara. Tarehe 9 askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira mjini, na msemaji wao, Léonard Mpoyi, akauawa pamoja na makumi ya wenzake. Wazee wa mtaani kwetu walisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, na mafunzo waliyoyapata humo yalikuwa yale yale: mwenye nguvu mpishe.

Halafu kampuni, baba huyo mwenyewe, ikaishiwa. Katika miaka ya 1990 machimbo yaliporomoka, mishahara katika Katanga ikawa inachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia: wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mkupuo. Mji mzima uliona wanaume waliozoea honi ya kampuni wakikaa barazani asubuhi, hawajui pa kwenda. Wengi wao walikuja kudai kwamba walipewa pungufu ya haki yao, wakaunda vikundi, wakaandika barua hadi kwa Benki ya Dunia, Washington. Nadhani hapo ndipo jambo lilipoanza kugeuka, ingawa hatukuliona. Kwa mara ya kwanza wazee wale walikuwa wakiandika madai, na kuyapigia hesabu.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe ya kumlinda mfanyakazi ilikuwa imeshatoka. Kodi ya kazi ya Kongo, yaani kitabu cha sheria za kazi, sheria namba 015-2002, ilitangazwa tarehe 16 Oktoba 2002, na siku hiyo hiyo ikatoka sheria namba 016 ya kuunda mahakama za kazi. Lakini sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa na kuchapishwa Kinshasa huchukua muda mrefu kufika kwa mtu anayesukuma toroli.

Mimi nilifika mgodi wa shaba wa Kinsevere wakati kampuni ya Anvil Mining ilikuwa inaujenga. Ni kama kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi, njia ya vumbi jekundu ambalo wakati wa kiangazi huingia hadi ndani ya chakula. Shaba ilikuwa na bei nzuri na kila aliyeweza kushika koleo alipanda gari alfajiri. Lakini sikuajiriwa na mgodi. Niliajiriwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi ya ujenzi, na kampuni hiyo yenyewe ilikuwa na kampuni nyingine chini yake. Sitaitaja, haipo tena kwa jina lile. Tulilipwa kwa siku. Karatasi pekee tuliyopewa ilikuwa kibali cha kupita getini, chenye picha na namba.

Katikati ya 2008 tani ya shaba iliuzwa zaidi ya dola 8,000. Kufikia Krismasi ilikuwa imeshuka chini ya 3,000. Kote Katanga miradi ilisimama, na Anvil ikasitisha ujenzi wa awamu ya pili ya Kinsevere. Sisi wa kampuni ndogo tulijua asubuhi moja getini, msimamizi aliposoma majina na kusema waliotajwa wasipande gari kesho. Hakukuwa na barua wala hesabu ya siku tulizokuwa tunadai. Mwenzetu mmoja mtu mzima, tuliyemwita Yaya (kaka mkubwa) kwa heshima, aliuliza, "Patron, na preavisi yetu?" Msimamizi akamjibu kwamba kibarua hana preavisi, yaani notisi ya kuachishwa kazi. Tukaamini. Tulitawanyika kila mtu na njia yake, wengine Katuba, wengine Kenya, wengine Ruashi, mitaa yetu ya Lubumbashi, na suala likaishia pale.

Yaya yule ndiye hakuamini. Alipata nakala ya kodi ya kazi, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia pembeni, akaisoma polepole na mwanawe aliyekuwa chuoni. Jumapili moja alituita nyumbani kwake, akatutafsiria kwa Kiswahili kifungu cha 40. Nakikumbuka kwa sababu alikipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kinasema mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishafanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, ajira mpya atakayopewa kabla miezi hiyo miwili haijaisha inahesabiwa kuwa ya mkataba wa kudumu. Yaani wengi wetu tulioondolewa getini kama vibarua hatukuwa vibarua mbele ya sheria. Tulikuwa na kazi, na hakuna aliyetuambia.

Kuanzia hapo sikuacha kukifuata kile kitabu. Kifungu cha 62 kinataka sababu halali kabla ya kumwachisha mtu kazi: uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya shughuli yenyewe. Kifungu cha 63 kinasema asipokuwa na sababu hiyo, mwajiri amrudishe mtu kazini au amlipe fidia, nayo haizidi mishahara ya miezi 36. Kifungu cha 64 kinahesabu preavisi: siku 14 za kazi, kisha siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyefanya kazi miaka minne anadai siku 42. Ukituhumiwa kosa kubwa, preavisi inapotea, lakini hata hapo mwajiri lazima akuandikie uamuzi wake ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua habari hiyo. Msimamizi anayelala na kosa lako miezi mitatu, kisha analiamsha siku anapotaka kukutoa, amechelewa.

Kampuni ya MMG iliichukua Kinsevere kutoka kwa Anvil mwaka 2012. Kiwanda cha awamu ya pili kilikuwa kimeanza mwaka uliotangulia, kimejengwa kutoa tani 60,000 za shaba kwa mwaka. Nilirudi huko, tena kwa mwajiri wa kati, safari hii nikiwa na mkataba ulioandikwa. Ndipo nilipoyaona mabadiliko kwa macho yangu.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchomelea, alikuwa analipwa kwa siku na kampuni ya wakandarasi iliyofanya matengenezo. Siku moja aliambiwa kazi imekwisha. Badala ya kumtafuta kapita, alikwenda mjini kwa inspekta wa kazi. Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi la ukutani pamoja na madereva, walinzi na mama mmoja aliyefanya usafi katika kambi ya wageni, kila mmoja ameshika bahasha ya plastiki. Bahasha zile ndizo ninazozikumbuka kuliko yote. Zamani mtu alikuja mikono mitupu na machozi. Sasa walikuwa wanalinganisha karatasi zao kama watu wanaosubiri mtihani.

Inspekta, mwanamke wa makamo, hakumwuliza rafiki yangu kama anaonewa. Aliuliza, "Papa, uko na karatasi gani?" Rafiki yangu akatoa kibali chake cha getini. Akatoa simu yenye picha za karatasi za mkutano wa usalama wa kila asubuhi, ambapo kila mtu huweka sahihi kabla ya kuanza kazi. Sahihi yake ilikuwapo, siku baada ya siku. Inspekta alizihesabu kwa ncha ya kalamu, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, akapita 22 na kuendelea. Kisha akaandika barua ya mwito kwa mwajiri.

Mwakilishi wa kampuni alikuja amebeba hoja moja tu: huyu ni kibarua. Inspekta akafungua kodi, akaisoma, akaigeuzia upande wake ajisomee. Ilikuwa kimya. Walipatana siku hiyo: preavisi, siku za likizo zilizobaki na cheti cha kazi. Kazi yenyewe hakurudishiwa, na alikubali kwa sababu ada za shule zilikuwa zinamngoja. Kuna waliosema ameuza haki yake kwa bei ndogo. Mimi siwaungi mkono. Mtu aliyepata preavisi yake yote ndani ya wiki chache, katika mji ambao baba yake aliomba msamaha kwa kosa asilolitenda, amesogea mbali.

Yule mama wa usafi alipitia njia ndefu zaidi. Mwajiri wake aliitwa, hakuja. Akaitwa tena, akaja na kukataa kila kitu. Inspekta akaandika hati ya kushindwa kusuluhishwa. Karatasi hiyo watu huidharau, wakidhani ni ya aliyeshindwa, kumbe ndiyo ufunguo. Kifungu cha 298 kinasema mgogoro wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake haupokelewi mahakamani kama haujapita kwanza kwa inspekta. Aliingia mahakamani na hati yake, akisaidiwa na mtu wa sendika, chama cha wafanyakazi. Kesi iliahirishwa mara nyingi, yote kwa Kifaransa asichokielewa vizuri. Alishinda. Lakini siku ya kudai malipo, kampuni ilikuwa imefunga ofisi na wenyewe wamefungua nyingine kwa jina jingine. Nililia naye, na hadi leo sioni kama haki imetendeka.

Hapo ndipo penye donda. Sheria inamwangalia mwajiri kana kwamba ni mtu mmoja, mwenye ofisi na mali, wakati migodini mwajiri ni ngazi: mgodi, mkandarasi, mkandarasi wa mkandarasi. Mwaka 2021 mashirika ya kutetea haki ya RAID na CAJJ yalichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti upande wa Kolwezi, yakakadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wake wameajiriwa kupitia wakandarasi. Kinsevere haikuwa kati ya hiyo mitano, lakini atakayepanda magari ya wafanyakazi alfajiri na kusoma majina kwenye mavazi yao ataelewa. Sheria namba 17/001 ya Februari 2017 ilitengea ukandarasi kampuni zenye mtaji wa Wakongo. Ni jambo jema kwa wenye mitaji. Kwa mchomeleaji, kilichobadilika ni uraia wa anayemchelewesha mshahara.

Ningependa kuona mgodi mkubwa unabebeshwa deni la mshahara pale mkandarasi wake anapotoroka, na inspekta anapewa gari la kufika getini bila kuomba lifti kwa anayemkagua. Haya ni madai ya haki, tena ya haraka, kwa kuwa mwaka 2022 MMG iliidhinisha upanuzi wa kiwanda, na kila upanuzi huleta wakandarasi wapya na vibarua wapya kutoka vijiji vya jirani na kutoka mjini.

Hata hivyo, vijana ninaokutana nao siku hizi hawafanani na sisi wa 2008. Wanapiga picha mkataba kabla ya kuurudisha. Wanauliza kama mwajiri anawalipia CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wanachagua wajumbe wa sendika wakijua kwamba mjumbe hawezi kuachishwa kazi bila kibali cha inspekta, kwa hiyo wanamchagua anayeweza kusema, si anayependwa na wakubwa. Yaya yule amefariki, na nakala yake ya kodi iko kwa mwanawe, ambaye sasa ni wakili.

Kwako wewe unayefanya kazi kwa siku, Kinsevere au popote Haut-Katanga: tunza kibali chako, piga picha kila unapoweka sahihi, na uhesabu siku zako 22. Ukiondolewa, usisaini karatasi usiyoielewa, wala usipoteze miezi ukimtafuta mtu wa kukuombea. Dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja tangu ulipotakiwa kulipwa, na madai mengine mengi ya mkataba baada ya miaka 3. Nenda kwa inspekta mapema, na uende na bahasha yako.