Deni la Mwalimu katika Kaye ya Mama

Mama anayesimamia gazeti letu aliniomba niandike namna nilivyosoma kontabilite nikiwa tayari mwalimu na mama wa watoto watatu. Nilikubali, lakini nilimwambia kabisa kwamba siandiki kwa kujisifu. Lile somo lilinionyesha kitu ambacho sikutaka kukiona.

Nina miaka 34. Nilisoma ISP hapa Bukavu, upande wa Kifaransa, na huu ni mwaka wa tisa nashika chaki katika shule moja ya sekondari. Wenye kuishi na mwalimu nyumbani wanajua maisha yetu. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka wa 2019 ni ya shule ya msingi. Sisi wa sekondari tunangojea bado prime ya wazazi, na jina langu mpaka leo halijaingia kwenye listi ya wanaolipwa na serikali. Mzazi akikosa, na mwalimu anakosa. Bwana wangu ni fundi wa kujenga nyumba. Mvua ikikaza, kazi yake inalala. Nikajiambia: kila depo ya saruji, kila duka la dawa, kila shule yenyewe inatafuta mtu wa kushika vitabu vya feza. Nitajifunza hiyo kazi, na siku moja nitaacha kungojea.

Karibu na soko ya Kadutu kuna kituo cha masomo ya jioni. Kozi ni ya miezi tisa, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu. Nilikuwa nikitoka shuleni nakimbia nyumbani kuweka sombe kwenye moto, naacha binti yangu mkubwa aangalie, kiisha napanda mlima na kaye mkononi. Darasani tulikuwa watu wa kila namna: vijana wawili wa duka la simu, motari mmoja, mtawa aliyetumwa na wakubwa wake, mama mmoja wa depo ya bia. Umeme ukikatika tunawasha tochi za simu na mwalimu anaendelea. Mara nyingi umeme ulikatika.

Nilidhani Kifaransa changu kitanisaidia, kwa sababu vitabu vyote vya kontabilite ni vya Kifaransa. Kumbe ndicho kilichonipoteza! Miaka yote nilifundisha watoto kwamba debiti ni deni, ni kitu kibaya, na krediti ni kitu kizuri. Siku ya kwanza mwalimu anasema: feza ikiingia katika kasha lako, andika debiti. Niliinua mkono nikamwambia amekosea. Darasa zima likacheka. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu mwenzangu, hapa usiulize neno linapendeza namna gani. Uliza kitu kimeingia wapi na kimetoka wapi." Ilinichukua wiki mbili kusahau kile nilichojua.

Huyo mzee alifanya kazi ya benki maisha yake yote. Alituambia kwamba alijifunza hesabu kwa mpango wa zamani wa Kongo, na wakati inchi yetu ilipoingia OHADA, mwaka wa 2012, ikambidi arudi kwenye benchi kama sisi, kujifunza mpango mpya unaoitwa SYSCOHADA, ule unaotumiwa na inchi 17 za Afrika. Katika mpango huo kila kitu kina namba yake. Vitu unavyouza viko katika kundi la 3, watu unaodaiana nao katika kundi la 4, feza katika la 5, matumizi katika la 6, mauzo katika la 7. Kasha ni 57, wateja ni 41. Nilizikariri namba hizo nikiosha sahani, mpaka mtoto wangu mdogo akaanza kuziimba.

Mwezi wa sita wa kozi alitupa kazi ya mikono: kila mtu atafute mfanyabiashara mdogo wa kweli, amshikie vitabu mwezi mzima, kiisha alete bilani. Mimi sikutafuta mbali. Mama yangu anauza maharagwe Kadutu tangu nikiwa mtoto. Magunia yanatoka Kalehe kwa mtumbwi wa mashini, anayanunua pale kando ya ziwa, yanapandishwa sokoni, anauza kwa kopo. Maharagwe hayo ndiyo yalinilipia ISP, mimi na wadogo zangu wawili. Mama aliacha shule mwaka wa nne wa msingi. Haandiki madeni. Anayashika kichwani, na sijamwona akikosea hata moja.

Siku ya kwanza tulihesabu vyote, yaani kufanya inventere. Magunia matatu, na kila gunia likifika sokoni lilikuwa limemgharimu 195.000 franka pamoja na mtumbwi na wapakizi: jumla 585.000. Feza mkononi 120.000. Madeni ya wateja 75.000. Yote 780.000. Nilipouona ule mwisho wa hesabu nilinyamaza kidogo, kwa sababu wakati nilipokuwa ISP mama alikuwa anapanga magunia kumi na mawili ukutani.

Kila jioni nisipokuwa na kozi nilipita sokoni na kaye. Hapo niseme jambo moja kwa wamama wanaouza vitu vya kununua kwa dola: andikeni juu ya ukurasa kiwango cha dola cha siku ile. Mwenye maharagwe anataka dola, mteja anakuja na franka, katikati yuko kambiste. Mama alikuwa anaweka bei ya kopo leo, dola inapanda kesho, na kesho kutwa akienda kununua gunia lingine anakuta feza zilezile hazitoshi. Yeye alisema gunia limepanda. Gunia lilikuwa palepale, franka ndiyo ilikuwa imeshuka.

Lakini hiyo haikuwa tundu kubwa.

Mwisho wa mwezi alikuwa ameuza magunia sita, na kila moja lilimletea 234.000. Faida 39.000 kwa gunia, maana yake 234.000 kwa yote sita. Taksi ya soko 500 kila siku kwa siku 26, mlinzi wa depo, vifuko, na tiketi yake ya kwenda na kurudi: jumla 57.000. Basi ile biashara ilikuwa imezaa 177.000 safi. Nilifurahi sana, nikamwambia mwalimu kwamba mama yangu ni mfanyabiashara wa kweli. Kiisha nikahesabu kilichobaki kwa kugusa kwa mkono, magunia, feza na madeni, nikakuta 742.000. Kulikuwa 780.000. Mahali pa kupanda, kilishuka kwa 38.000.

Nilirudia hesabu mara tatu. Niliamini nimekosea mahali fulani. Ndipo nikafungua ukurasa ambao mama alikuwa akinitajia haraka haraka kila jioni, "andika tu matumizi," na mimi nikiandika bila kuwaza. Chakula cha nyumbani 95.000. Matanga na kanisa 32.000. Na mstari wa tatu, ambao mwandiko wake ni wangu: minervale ya mwalimu 40.000, silabusi za mwalimu 18.000, tiketi za mwalimu 30.000. Themanini na nane elfu.

Mwalimu ni mimi.

Kitabu kinasema wazi: kile mwenye biashara anachokitoa kwa ajili yake na familia yake si matumizi ya biashara. Kina konti yake, mbali. Mama alitoa 215.000 katika biashara iliyozaa 177.000. Na bila ule mstari wangu, mwezi ule ungepanda kwa 50.000. Nilikuwa nasomea kushika feza za watu, na masomo yenyewe yalikuwa yanakula kitaji cha mama yangu.

Nililala na kaye chini ya mto siku mbili. Bwana wangu alinishauri nipeleke bilani kituoni na nisimwambie mama, nitamrudishia polepole nikipata kazi. Nilijaribiwa. Lakini nilijua kwamba nikinyamaza, mwezi unaofuata atanipa tena, na mimi nitapokea tena, kwa sababu bado ilibaki miezi mitatu ya kulipa.

Nikamwambia siku ya Jumapili, baada ya misa, tukichagua maharagwe kwenye lungo. Nilimwonyesha mistari mmoja mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema: "Kumbe uliingia katika biashara yangu na kalamu ili unihesabie mapendo." Akachukua lungo akaenda kukaa upande mwingine. Siku tatu hakunisemesha. Mama yangu akinyamaza, hata majirani wanapita taratibu.

Siku ya nne alimtuma mtoto wa mdogo wangu: bibi anasema lete ile kaye. Nikamkuta ameketi juu ya gunia. Hakuniomba msamaha wala hakuniuliza kama nimelala. Alisema, "Andika." Akaanza kunitajia kila kitu alichonipa mwaka ule wote, mwezi kwa mwezi, hata sabuni ya mtoto, hata tiketi ya siku niliyokwenda kufuata mambo ya listi na kurudi mikono mitupu. Ilifika 640.000. Nilipomaliza kuandika akaniuliza: "Sasa mimi mwenyewe, mshahara wangu uko mstari gani?"

Sikuwa na jibu. Siku 26 jua na mvua, na kaye yangu yote haikuwa na hata franka moja ya mshahara wake. Nikamwuliza mzee wa kozi. Akaeleza kwamba, kwa namna yeye alivyojifunza, mwenye biashara yake mwenyewe hajilipi mshahara. Anachotoa kinaandikwa katika konti yake ya kutoa. Nilipomletea mama jibu hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Basi aliyemfundisha hivyo hajauza maharagwe." Mimi ninamheshimu mzee wetu, lakini katika jambo hilo naona mama ana haki. Tulimwekea mstari wa 2.000 kwa siku, katika kasha dogo peke yake, na chakula cha nyumbani kinatoka humo pamoja na kile sisi watoto tunacholeta. Kasha la maharagwe halitoi tena kitu ila cha maharagwe. Matanga, tunachanga sisi watatu tuliosomeshwa.

Minervale ya miezi mitatu ya mwisho nililipa kwa kufundisha watoto wa majirani Kifaransa asubuhi ya Jumamosi. Mwezi mmoja nilikosa, nikasimamishwa kozi juma nzima, na motari ndiye aliyenipigia foto za masomo. Nilimaliza. Bilani ya mama nilipewa 16 juu ya 20. Zile alama nne ziliondolewa kwa ajili ya mstari wa mshahara wake, ambao nilikataa kuutoa.

Shule sijaiacha. Asubuhi niko na wanafunzi wangu, na mchana mara nne kwa wiki ninashika vitabu vya depo moja ya saruji. Wananilipa dola 40 kwa mwezi, na zinafika tarehe iliyosemwa, kitu ambacho mwanzoni kilinishangaza kuliko dola zenyewe. Kila mwezi narudisha 30.000 katika kasha la maharagwe. Mama anazihesabu mbele yangu, mara mbili, kiisha anataka nimwonyeshe kwa kidole mahali nilipoandika. Herufi bado zinamsumbua, lakini tarakimu anazisoma zote, na ameanza kuandika 5 zake mwenyewe, zikiangalia upande mbaya.

Jumamosi iliyopita ilikuwa mara ya saba. Magunia ukutani ni manne na nusu. Deni la mwalimu, 430.000.